Kikombe cha maji tunachofundisha watoto kutoa

Mhariri,

Madarasa mengi ya shule ya Jumapili hapa Mombasa hufundisha utoaji kwa Mathayo 10:42, penye ahadi ya thawabu kwa anayemnywesha mdogo kikombe cha maji baridi. Watoto hukariri aya, hupaka rangi picha ya kikombe, kisha kapu la sadaka hupita. Sisi tunaofundisha madarasa hayo tunaomba somo lisiishie hapo. Mtoto anayefunzwa kumpa mwenzake maji afunzwe pia kuyafanya yawe salama, maana upendo peke yake hauui vimelea vya kipindupindu.

Kisa cha London cha mwaka 1854 huwaingia watoto kuliko maonyo. Mjane mmoja wa Hampstead, mbali na penye ugonjwa, alipenda ladha ya maji ya pampu ya Broad Street, mtaa uliokumbwa na kipindupindu, na kila siku gari lilimpelekea chupa kubwa. Maji ya Agosti 31 yalimwua Septemba 2. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea aliyanywa pia, akarudi kwake Islington, naye akafa. Daktari John Snow alikitumia kisa hicho kuonyesha kwamba kipindupindu husafiri ndani ya maji, wakati ambapo wengi waliamini huletwa na hewa chafu. Waliompelekea mama yule chupa walikuwa wakimfanyia hisani. Mwulize mtoto wa miaka tisa kosa lilikuwa wapi, na umpe nafasi ajibu mwenyewe.

Kwetu swali hilo li karibu. Mfereji ukikauka, watu hununua maji ya mkokoteni au huteka kisimani, na visima vingi vya mitaa yetu vimezungukwa na vyoo vya shimo. Maji yake huweza kuwa maangavu kabisa na bado yana ugonjwa. Koroga chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, waulize watoto kama wanaona kitu, kisha waonje kidogo. Wataelewa mara moja kwamba jicho halitoshi. Waambiwe pia kuwa ulimi nao hautoshi: maji ya chumvi yakichemshwa hubaki ya chumvi ingawa vimelea vimekufa.

Maji yenye tope yaachwe yatuame, kisha yamiminwe taratibu kupitia leso kuukuu iliyofuliwa na kukunjwa mara kadhaa. Hatua hii hurukwa sana, halafu watu hulalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Klorini iliyo ndani ya dawa hiyo huanza kupambana na uchafu wote uliomo, ikaisha kabla ya kuwafikia vimelea. Mtu mzima ndiye apime dawa, kwa kifuniko na kwa kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, maji yatikiswe na yasubiriwe dakika 30. Mtoto apewe saa aangalie. Kusubiri ndiko watu wanakoshindwa. Chupa ya dawa iliyokaa dirishani juani hupoteza nguvu, kwa hiyo ikae kivulini. Na dawa ya kufulia nguo isitiwe kwenye maji ya kunywa kwa kukisia, hasa ile yenye manukato.

Anayechemsha, maji yakishatokota kabisa kwa dakika moja yanatosha hapa pwani. Asiye na makaa ana jua. Chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, lebo ikiwa imebanduliwa, ilazwe juu ya bati tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kukiwa na mawingu mazito, siku mbili mfululizo. Kabla ya hapo, isimamishe juu ya ukurasa wa gazeti hili na utazame chini kupitia mdomoni. Vichwa vya habari visiposomeka, maji hayo bado ni machafu mno kwa njia ya jua, yachujwe tena.

Kazi yote hii huharibiwa na kikombe kimoja kinachozamishwa ndooni pamoja na vidole. Mtungi uwe na mdomo mwembamba, au ndoo iwe na kifuniko na mfereji mdogo. Penye kata, iwe na mpini mrefu na itundikwe, isilazwe chini.

Sasa sadaka. Shilingi anayokabidhiwa mtoto mlangoni pa kanisa ni sadaka ya mamake. Iliyo yake ni ile aliyoiacha ya mabuyu au viazi karai. Zikusanywe zinunue kitu kinachoisha na kuhitajika tena: sabuni, dawa ya maji. Watoto wapige hesabu wenyewe. Dawa ikiwa ni mililita 3 kwa mtungi wa lita 20, chupa ya mililita 150 hutibu mitungi 50. Jamaa inayotumia mtungi mmoja kwa siku itaimaliza kabla ya miezi miwili. Nani atanunua ya pili? Hapo ndipo watoto hugundua kwamba kutoa mara moja Krismasi hakumfikishi mtu Pasaka.

Jirani anayepewa huenda ni Mwislamu, na huku pwani desturi ya sabili, maji ya kunywa yanayotolewa bure kwa yeyote, ni ya kale. Zawadi isifungwe na mwaliko wa ibada, wala mtoto asipigwe picha akiikabidhi. Mathayo 6:3 inasema wazi kwamba sadaka itolewe bila kujionyesha. Mtoto na mtu mzima warudi baada ya wiki mbili kuuliza kama dawa inatumika. Mara nyingi watakuta imeachwa kwa sababu ya harufu. Maji yaliyokwisha kutibiwa yakikaa saa chache kwenye jagi lililofunikwa kwa kitambaa safi, harufu hupungua.

Tunaziomba kamati za makanisa ziweke sabuni na dawa ya maji kwenye bajeti ya shule ya Jumapili, na zinunuliwe kabla ya masika, wakati mafuriko yanapotiririsha uchafu wa vyoo hadi visimani.

Walimu wa shule ya Jumapili,
Mombasa