Hii "mwisho wa siku" sasa imezidi jamani

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa muda mrefu, leo naomba kanafasi nizungumzie hii "mwisho wa siku" maana imekuwa kama chumvi, kila sentensi lazima inyunyiziwe. Kocha akifungwa utasikia tumecheza vizuri ila mwisho wa siku mpira ni magoli. Mwanasiasa naye, mwisho wa siku mwananchi ndo bosi. Hata nyinyi, juzi nimehesabu tano kwenye stori moja!

Tunajua ilikotoka, ni ile "at the end of the day" ya Waingereza tumeibeba nzima nzima. Sasa kwao inapotumika kama msemo haihusu jioni wala saa, inapima uzito, yaani ukishaangalia hili na lile, kubwa lenyewe ni hili. Sisi tumeichukua tukaigeuza tena, mtu anasema "walisumbuana weee mwisho wa siku wakaoana", hapo si tulikuwa na hatimaye? Mwishowe je, imekosa nini?

Na inachanganya watu bwana. Kuna fundi aliniambia usijali, mwisho wa siku simu yako utaipata. Nikaelewa ni leo leo, na kwa hesabu za Kiswahili siku inaisha jua likizama, ndo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa, basi magharibi nikaenda nikakaa kwenye benchi lake mpaka anafunga, ananiangalia tu kama vile nimepotea njia. Kumbe alimaanisha ipo siku! Niliipata baada ya siku nne.

Cha kuchekesha wenyewe walishaichoka kitambo. Mwaka 2004 Plain English Campaign, wale wanaopigania Kiingereza chepesi kule Uingereza, waliwauliza wafuasi wao msemo gani unawaudhi kuliko yote, huu ukashika namba moja. Sisi ndo kwanza tunaupokea kwa vigelegele.

Sikatai kukopa, hata hilo neno gazeti si tulikopa, ila unakopa kitu ambacho huna. Hiki tunacho tena kitamu kuliko chao, "yote tisa, kumi". Kocha angesema refa katuonea, uwanja mbovu, lakini yote tisa, kumi ni kwamba magoli hatukufunga. Umeona inavyotua? Msikilizaji anajua kabisa hapa ndo pointi yenyewe inakuja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, waandishi wakileta stori zao mpitie, ya muda wekeni hatimaye, ya uzito wekeni yote tisa, na "mwisho wa siku" muiache kwa mtu anayefunga duka jioni. Na barua yangu mkiipunguza sawa tu, nafasi najua ni finyu, ila hizo tisa na kumi msije mkazifuta mkidhani nimekosea hesabu.

Msomaji wenu