Jumamosi: vitabu vya utotoni, mahali pamebadilika

Habari za jioni, ndugu zangu.

Kikao cha kikundi chetu cha vitabu Jumamosi ni saa 9 alasiri kama tulivyopanga, ila hatutakaa tena bustani ya Chinangali. Upepo wa wiki hii unafunua kurasa wenyewe na vumbi linaingia machoni. Tutakuwa nyumbani kwa mweka hazina wetu, Area C.

Kila mmoja aje na kitabu alichokipenda utotoni, awe amekisoma upya chote. Tafadhali msitegemee kumbukumbu. Mimi nimerudia hekaya ya Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Darasa la tatu nilicheka tu. Juzi nimemtazama yule jirani mwenye sufuria: alipoambiwa sufuria imezaa, akapokea kisufuria bila swali, alipoambiwa imekufa, ndipo akaja juu kwamba sufuria haifi. Utotoni mtu huyu sikumwona kabisa. Nimekaa na ukurasa ule mpaka chai ikapoa.

1. Mchango ni shilingi 5,000 za chai, karanga na zabibu. Umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.
2. Asiye na kitabu aniambie mapema. Nina viwili vya ziada. Kimoja hakina jalada, lakini kurasa zote zipo.
3. Wenye watoto waje nao, tutawasomea kwa sauti nusu saa ya kwanza.

Naomba mthibitishe hapa kabla ya Jumatano saa 2 usiku: jina la kitabu na idadi ya watoto. Mwalimu wetu wa Kondoa, utafika? Tunakusubiri sana.