Kwako mdogo wangu, kuhusu lile shuka

Mdogo wangu, simu zangu hupokei na meseji unasoma unaacha, basi acha niandike hapa maana najua huwa unapita. Na wengine wakisoma wasome tu.

Nianze na Tone kwa sababu ndo ungemuuliza kwanza. Mzima kabisa. Waliomchukua wamenitumia picha juzi, kalala juu ya kiatu cha mtu, tumbo wazi, na yale macho ya bluu uliyokuwa unayasifia yameshageuka njano. Nilikwambia kitoto cha paka huzaliwa na bluu halafu rangi yake inakuja baadaye, ukabisha mpaka ukanuna.

Alikuja gramu 92 kwenye mizani ya jikoni, macho hayajafunguka, na wewe ukakimbilia kumtafutia maziwa ya ng'ombe nikakupokonya kikombe, nilikukaripia vibaya siku ile najua, lakini yale yanawaharisha na kitoto wa saizi ile akiharisha kidogo tu anakauka. Tukanunua maziwa maalumu ya vitoto vya paka. Nikakuonyesha kumlisha kifudifudi, kama angekuwa ananyonya kwa mama yake, sio chali kama mtoto wa mtu, maziwa yasimwingie kwenye mapafu. Kila masaa mawili matatu, usiku na mchana, ukimaliza unamfuta nyuma na pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe maana mwenyewe bado hawezi. Zamu ya saa nane usiku ulikuwa unaichukua wewe hata nikikwambia lala. Na yule ambaye hatukuwahi kumpa jina, usiku ule aliokataa chupa akapoa mkononi mwako, nilikuwa macho. Nilikusikia. Sikutoka chumbani, nilidhani unataka uwe peke yako. Hilo naomba unisamehe.

Lakini la mlangoni mimi bado halijanitoka.

Wageni wamesimama, mtoto wao kashika kikapu kwa mikono miwili, Tone yuko ndani analia kidogo kidogo, mi naingiza kile kipande cha shuka la mama pembeni yake. Ukatoka chumbani ukakiona. Ukasema kwa sauti, watu wote wanasikia, "Dada unamgawa mama vipande vipande." Ungeishia hapo ningeweza kumeza. Ukaongeza kwamba hata msibani sikulia.

Siku ile nani angepokea watu? Wewe ulikuwa umelala chini hushikiki, wajomba wanauliza hiki na kile, mtu mmoja ilibidi abaki amesimama na mkubwa ni mimi.

Shuka nililikata, kweli, na sikukuuliza, hapo umenishika. Ila hebu nisikilize. Toka wiki ya kwanza walikuwa wanalalia hilo, lina harufu yao wote, na paka anajua kwao kwa pua. Usiku wa kwanza nyumba ngeni, hana ndugu zake, hana sisi, kile kipande ndo kitu pekee anachokijua. Nilikata vinne. Vitatu vimeenda na Tone, Soksi na Kijivu.

Na unaposema tungebaki naye mmoja tu, mmoja anadhuru nini, mdogo wangu mimi kila mara nataka kubaki na mmoja! Ila paka jike miezi minne tu anaweza kushika mimba na mimba yenyewe haizidi sana miezi miwili, kwa hiyo kile kituo kinachotuletea vitoto vya paka tuwalee hakiishiwi, nikijaza nyumba nimefunga mlango kwa wale wasio na macho bado. Nakushauri ukilea tena usiweke moyo wako wote kwenye siku ya kuondoka. Mi furaha yangu huwa naichukua asubuhi kwenye mizani, jana 310 leo 324, naandika kwenye daftari, nishafurahi hapohapo. Ndo maana wakifika wiki nane, wamechanjwa, wanakula wenyewe, mlangoni unaniona mkavu. Sio kwamba sina moyo. Na yule mtoto alikuwa ananiangalia usoni, ningelia angedhani anafanya kosa kumchukua, angempeleka nyumbani kwa hofu. Wewe ulimwona anavyotetemeka? Hukumwona, ulikuwa unaniangalia mimi.

Kipande cha nne ni chako. Kiko kwenye droo yako, sijakifua, kina manyoya ya Tone na ukikiweka puani kwa chini kabisa bado kuna ile harufu ya kabati la mama, au labda ni mimi naitaka iwepo.

Jana wameniletea wawili, gramu 104 na 98. Yule mdogo hanyonyi vizuri kwangu, anageuza kichwa, alivyokuwa anafanya Tone mpaka umshike wewe. Saa hizi saa nane kasoro, nimeshabandika maji. Ufunguo unao.