Barua ya wazi kwa vijana wa Meru mnaoandika maisha ya Kirilo Japhet

Wanangu,

Nimesikia mmeanza kukusanya habari za Kirilo Japhet, yule Mmeru aliyepeleka kilio cha ardhi yetu Umoja wa Mataifa, nami nimefurahi sana. Ila msianzie New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Anzeni na ardhi: mashamba namba 31 na 328, Ngarenanyuki. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyoundwa na serikali ya Mwingereza kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi, ilitoa ripoti yake mwaka 1947. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 wakafukuzwa, nyumba zikachomwa moto, eneo wakapewa walowezi wa Kizungu. Bila hayo, safari ya 1952 kwenda Umoja wa Mataifa haieleweki.

Wengi huandika kwamba alikwenda kudai uhuru. Hapana, alikwenda kudai ardhi, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili kutoka Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Wengine huandika kwamba alishinda. Kwenye Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita. Kwenye Baraza Kuu lilihitaji theluthi mbili ya kura, likazikosa. Andikeni yote mawili bila woga. Alirudi bila ardhi, lakini watu walishajua kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa mbele ya dunia. Julai 1954 akawa miongoni mwa waasisi 17 wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, na mwaka 1955 Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Kwenye nyaraka mtafuteni kwa majina yote mawili, Kirilo Japhet na Japhet Kirilo, kwani orodha ya waasisi humgeuza. Ngarenanyuki nayo huandikwa Engare Nanyuki. Anayeshika tahajia moja hurudi mikono mitupu, akadhani hakuna faili.

Kwa wazee nendeni wawili: mmoja aulize, mwingine arekodi. Bibi msimwulize alikuwa na miaka mingapi. Mwulizeni kama alikuwa anachunga, ameolewa, au ana mtoto mgongoni, kisha pigeni hesabu wenyewe. Akina mama wanakumbuka kilichobebwa na kilichoachwa ndani. Halafu ulizeni michango ya safari, hapa msiharakishe: nani alipita kukusanya, nyumba ipi ilitoa nini, nani alikataa na kwa nini. Mkimwandika Kirilo peke yake, mmewafuta waliomtuma.

Aliyefukuzwa akiwa na miaka kumi leo ameshapita themanini. Nendeni Ngarenanyuki kabla ya masika.

Mzee wenu,
Usa River, Arusha