Risala ya akina mama wakulima wa mwani kwa mgeni rasmi, siku ya kuzindua banda la kukaushia, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Masheikh na wachungaji wetu,
Wanakikundi wenzangu, na nyote mlioitikia mwaliko wetu,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Karibu sana, Mheshimiwa. Umetukuta kwenye bamvu, siku ambazo maji hutoka mbali sana, ndiyo maana wengi wetu kanga zimelowa. Maji yakishatoka hayangoji, kwa hiyo asubuhi ya leo tuliingia shambani kwanza, ndipo tukaja kukupokea. Utuwie radhi.

Banda hili tumelijenga kwa kukatana kidogo kidogo kila mavuno. Zamani tulianika mchangani. Mwani ukikauka unashika mchanga, mnunuzi anaukung'uta mbele yako, kisha anakata bei. Sasa tuna vichanja na paa la kuukinga na mvua. Mengine ya banda utayaona mwenyewe ukizunguka. Risala hii tumekubaliana iseme jambo jingine, nalo ni soko: ni nani serikalini aliyepewa kazi ya kututafutia, anapewa fedha gani, na nani anamuuliza.

Mheshimiwa, mwani wetu unakaa majini kama siku arobaini na tano. Ukiuvuna, mzigo wa gunia unakauka ukabaki wa kikapu. Anayenunua ndiye anayetuletea kamba, na akishaleta kamba mzigo ni wake. Bei anapanga yeye. Kiwandani huko ng'ambo uteute wake unatumika kugandisha aiskrimu na dawa ya meno, na dawa ya meno hiyohiyo tunainunua dukani hapa. Wanunuzi wetu wamekuwa wa waja leo waondoka leo. Akiacha kuja msimu mmoja, mwani unarudi baharini.

Tanga ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya mkoa huu. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni duniani, bei ikaporomoka. Yalikuwepo na mambo mengine, lakini wazee wetu waliokata mkonge wanasema habari ya nailoni iliwafikia siku walipoambiwa kazi imepungua. Soko linatakiwa lichunguliwe kila siku na mtu ambaye kazi yake ni hiyo.

Nchi yetu imelifikiria hilo zamani. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya Bodi ya Biashara ya Nje. Baadaye, kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2009, ikaanzishwa Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara, TanTrade, chini ya wizara inayosimamia biashara, kushughulikia soko la nje na la ndani pamoja. Wengi wetu tunaijua kwa jina moja tu: Sabasaba, maonesho ya biashara ya kila mwaka Dar es Salaam. Tunashukuru Sabasaba ipo. Lakini sheria haikuanzisha mamlaka kwa ajili ya maonesho peke yake. Kutafiti masoko, kutoa taarifa za bei na kumuunganisha mzalishaji na mnunuzi, hayo nayo ni kazi yake, na kwetu ndiyo makubwa zaidi.

Naomba nisimulie jambo moja. Misimu miwili iliyopita tulikwenda kwenye maonesho mkoa wa mbali. Hatutataja ni yapi, maana hatukuja kushtaki. Tulilipa meza, nauli na malazi ya watu watatu kutoka kwenye mfuko wa kikundi. Tulibeba sabuni ya mwani, unga wa mwani na mafungu ya mwani mkavu. Watu walikuja kweli. Kuna baba mmoja aliishika sabuni, akainusa, akaikuna kwa ukucha aone kama ina chokaa, akaipiga picha, akaacha kadi yake. Mama mmoja aliuliza, "Kwa mwezi mnaweza kunipa tani ngapi?" Hatukuwa na jibu la uhakika, na pale hapakuwa na mtu wa kutusaidia kulitafuta. Tulirudi na kadi 27 ndani ya kopo la biskuti. Tulipiga simu zote. Wengine walitaka sampuli ipimwe maabara, wengine walitaka bei ya kufikisha mzigo bandarini, na sisi bei tunayoijua ni ya hapa ufukweni. Hakuna hata kadi moja iliyozaa mauzo. Kwenye taarifa ya maonesho yale, bila shaka sisi tumo: tumehesabiwa washiriki.

Ndipo tulipoanza kujiuliza juu ya fedha. Chombo cha kukuza biashara kama TanTrade kina mifuko miwili. Mmoja ni ruzuku mnayoipitisha ninyi bungeni. Mwingine ni mapato yake, kama kukodisha mabanda na viingilio. Sasa ruzuku ikipungua, au ikipitishwa Juni na kutoka nusu, chombo kitaegemea wapi? Kitaegemea mabanda, wala si kosa la mtumishi yeyote, ni njaa ya taasisi. Na anayeishi kwa kodi ya banda atamsikiliza mwenye banda kubwa. Kikundi cha akina mama wenye meza moja hakina cha kukilipa, na kazi ya kutufuatilia baada ya maonesho haina kiingilio. Hiyo ni kazi ya kodi ya wananchi.

Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa, ukae na wenzako wa kamati inayoshughulika na biashara mtenge kasma, yaani fungu la bajeti, ya peke yake ya kutafutia wazalishaji wadogo masoko, isiyochanganywa na gharama za maonesho, na mfuatilie kila robo mwaka ni kiasi gani kimetoka Hazina. Kupitisha tunakusikia kwenye redio. Kutoka ndiko tusikokusikia.

Lingine ni usimamizi. Tunajua Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anakagua hesabu, Msajili wa Hazina anayesimamia mashirika ya umma yupo, na Kamati ya Hesabu za Serikali inaita watu kujieleza. Hayo tunayaheshimu sana. Sisi wenyewe mweka hazina wetu akikosa risiti ya kamba haturuki ajenda. Ila risiti inaonyesha kwamba fedha ilitumika. Haionyeshi kama mwani uliuzwa. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 imempa Mkaguzi Mkuu nguvu ya kufanya ukaguzi wa ufanisi, yaani kuuliza fedha ile ilileta nini. Tunaomba swali hilo liulizwe kwa kazi ya kukuza biashara, na liulizwe mpaka kwetu. Aje mkaguzi hapa, akae kwenye jamvi, atuulize: mliuza? kwa nani? mwaka uliofuata alirudi?

Sabasaba huanza tarehe 28 Juni na kufungwa tarehe 13 Julai. Inaanza katika mwaka mmoja wa fedha, inaishia katika mwingine. Mimi kama katibu wa kikundi najua ilivyo rahisi jambo lililoanguka katikati ya madaftari mawili kukosa mwenyewe. Hesabu ya mauzo nayo inachelewa: mnunuzi aliyekutana nawe Julai huenda akanunua Desemba. Kama hakuna anayerudi Desemba kuuliza, itabaki idadi ya waliopita getini.

Mheshimiwa, hatukuandaa zawadi ya kanga. Mweka hazina wetu atakukabidhi lile kopo la biskuti, na ndani yake kadi zote 27. Kila kadi tumeibandikia karatasi inayosema tulipiga lini, tuliambiwa nini, na tulikwama wapi. Utakapoketi na wahusika Dodoma, lifungue mezani mzisome pamoja, moja baada ya nyingine. Bila shaka miongoni mwa watu wale wapo ambao bado wanautaka mwani, nasi sasa tuna banda, na mzigo wake hauna mchanga.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi