Malalamiko: Simu zinakatika sekunde ya 32, nanyi mnatuambia tuzime ruta

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

YAH: SIMU KUKATIKA NA KUNYIMWA KUMBUKUMBU ZA ISHARA ZA SIMU ZETU

Sisi ni wateja wenu wa simu za intaneti, ikiwemo ile namba ambayo mpigaji hatozwi na gharama inatuangukia sisi. Tangu mtuhamishie kwenye seva mpya, simu zinazoingia zinapokelewa vizuri, watu wanasikilizana, kisha zinakatika. Wala hazikatiki ovyo. Zinakatika sekunde ya 32, asubuhi hata jioni, mtandao uwe na shughuli nyingi au usiwe nazo.

Fundi yeyote wa SIP, yaani kanuni za kufungua na kufunga simu za intaneti, namba hiyo anaijua. Seva yenu ikituma INVITE, yaani ombi la kufungua simu, mtambo wetu wa simu unajibu 180 simu inapoita, na 200 OK mtu anapopokea. Hapo seva yenu inapaswa kurudisha ACK, yaani ujumbe wa kuthibitisha kwamba 200 OK imefika. Isipofika, mtambo unairudia 200 OK baada ya nusu sekunde, kisha baada ya sekunde moja, mbili, nne, halafu kila sekunde nne, hadi zitimie 32. Hapo ndipo unapotuma BYE, ujumbe wa kufunga simu, na kukata. Ndivyo ilivyoandikwa katika RFC 3261, waraka wa kiwango cha SIP wa mwaka 2002, na mtambo wetu unafanya hivyohivyo.

Tulinasa pakiti kwa Wireshark, programu ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao, upande wa nje wa ruta, ili msije mkasema ruta imezimeza. 200 OK zinatoka moja baada ya nyingine. ACK haiji hata moja. Anwani iliyo kwenye Contact, sehemu ya 200 OK inayoiambia seva yenu itufikie wapi, ni IP yetu ya umma, si ya ndani ya 192.168; hilo tuliliangalia mwanzo kabisa kwa kuwa ndilo kosa la kawaida. SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP, imezimwa. Pakiti za RTP, zinazobeba sauti, zinakwenda na kurudi bila kupotea mpaka simu inapokatwa.

Haya yote tuliwaandikia, na faili tukaambatisha. Majibu yakawa yaleyale: zimeni ruta muiwashe, intaneti yenu ni dhaifu. Intaneti dhaifu ingekwaruza sauti na kumeza maneno. Haiwezi kusubiri sekunde ya 32 kila simu kama mlinzi mwenye zamu. Inaelekea anayejibu tiketi hajafungua faili hata moja.

Kinachoudhi zaidi ni dashibodi yenu. Simu iliyokatika mtu akiwa katikati ya sentensi inawekwa alama ya kijani, “Imefaulu”, muda 0:32, na sisi tunatozwa dakika nzima. Mpigaji akipiga tena, dakika nyingine. Kwa hesabu zenu hakuna hitilafu, maana mnachohesabu ni simu zilizopokelewa tu. Ukurasa wa simu zinazoendelea, ambao ndio ungetusaidia, unaonyesha namba na muda basi. Hauna Call-ID, yaani kitambulisho cha kila simu, hausemi kama ACK imeshapita, na unachelewa kujisasisha kiasi kwamba simu inakufa kabla haijaonekana. Ufuatiliaji wa namna hiyo ni pambo.

Tulipoomba kumbukumbu za ishara kutoka upande wenu mkatujibu kwamba ni siri za wateja. Wateja gani? Ni simu zetu wenyewe, namba zetu wenyewe. Hatukuomba sauti ya mtu yeyote. Ishara ni ujumbe wa kufungua na kufunga simu, na kama kuna anwani za ndani ya mtandao wenu msizotaka tuzione, zifuteni kisha mtupe kilichobaki.

Kwanza, tunaomba fundi, si mpokea tiketi, achukue Call-ID tulizoambatisha na kuangalia kwenye seva yenu mambo mawili: je, 200 OK yetu inaifikia, na kama inaifikia, ACK inatumwa kwenye IP na poti ipi? Jibu la maswali hayo litaonyesha kosa liko wapi, hata likiwa kwetu. Pili, mturudishie fedha za simu zote zilizokatika sekunde ya 32 tangu mtuhamishe. Kuzichuja kwenye ankara ni kazi ndogo. Tatu, mtufungulie ukurasa wa kuona ishara za simu zetu zikiwa bado hewani.

Tusipopata jibu la kifundi kabla ya mwisho wa mwezi huu, tutaanza taratibu za kuhamishia namba zetu kwa mtoa huduma mwingine.

Wenu,
Msimamizi wa mfumo wa simu

Viambatisho: faili za pakiti, orodha ya Call-ID, nakala ya ankara