Usisubiri masikio, mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu nikitafuta mahali daktari anapokiri amekosea. Sikupaona. Kipimo cha kwanza, cha marudio, na kile cha kubandikwa waya kichwani akiwa amelala, vyote vimesema kitu kimoja. Basi, mjukuu wangu ni kiziwi.

Mama yako yuko chumbani analia, mwache alie. Mimi naandika kwa ajili ya lile la mwisho ulilolisema kama jambo dogo: kwamba hamtagusa lugha ya alama mpaka mtoto apandikiziwe kifaa cha kusikia, kwani mmeambiwa mikono itamfanya mvivu wa kusema. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Usisubiri, mama.

Kifaa sikikatai. Mumeo amekisomea kwa makini na nimempenda kwa hilo. Kile kiwaya kinaingia kwenye koklea, ile konokono ya ndani kabisa ya sikio, kinairuka sehemu isiyofanya kazi na kuamsha neva ya kusikia yenyewe, na wapo watoto wanaozungumza vizuri sana kwa msaada wake. Lakini piga hesabu. Mtoto ana miezi minne. Wengi hupasuliwa wakikaribia mwaka au wakishaupita, kidonda kipone ndipo kiwashwe, halafu yanafuata mazoezi ya miaka ya kuzijua zile sauti ni za nini. Hata kikishawashwa, usiku kinavuliwa, na chaji ikiisha amerudi kwenye ukimya wake. Muda wote huo anaongea na nani? Ubongo wa mtoto unataka lugha sasa. Ipite sikioni au machoni, wenyewe haujali. Mtoto anayekulia kwenye alama tangu mchanga hubwabwaja kwa vidole kama mwenzake anavyobwabwaja kwa mdomo.

Na hilo la uvivu ni la zamani sana. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, karibu wote watu wanaosikia, wakaazimia viziwi wafundishwe kwa mdomo tu. Mkutano huohuo ulipokaa Vancouver mwaka 2010 ukayakataa yale maazimio na kuyajutia madhara yake. Miaka 130! Katikati ya miaka hiyo ndimo ilimo shule ya kaka yako, iliyowakalisha watoto juu ya viganja vyao. Fomu ya kukubali utaratibu ule ilitiwa saini, na si mama yako aliyeitia.

Vile vifaa vya nyuma ya sikio mlivyoazimwa, mvalishe kila anapoamka. Vikipiga filimbi havijaharibika. Mara nyingi ni ile plastiki ya ndani ya sikio imeshakuwa ndogo. Masikio ya mchanga yanakua mbio, mtairudia kuichonga mara nyingi mwaka huu. Na zile betri za duara zifungie mbali na yule mkubwa. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili tu, kimbieni hospitali bila kungoja dalili.

Halafu huyo mkubwa mwenyewe. Ana kichwa chepesi, atazishika alama kabla yenu, na mtaanza kumwita: njoo umwambie mdogo wako hivi, muulize anataka nini. Usimfanye mkalimani. Awe dada. Sina haja ya kueleza zaidi, unajua wewe ulikuwa na miaka mingapi.

Mkicheka mezani naye akauliza mnacheka nini, mwambieni palepale, hata kama kichekesho chenyewe hakina maana. Kaka yako aliniandikia majuzi kwamba bado ananidai "nitakuambia baadaye" zangu zote. Nilimjibu kwa kikatuni cha kucheka. Sikujua nimjibu nini kingine.

Juzi nilizihesabu alama ninazozijua tangu zamani. Njoo, kula, lala, kaa, acha, haraka. Zote amri, mwanangu. Ya kuuliza hata moja sina. Mwalimu wangu wa Jumamosi (ndiyo, nina mwalimu, ni kiziwi, na mimi ndiye mzee kuliko wote darasani) alinionesha "unawaza nini?" nikairudia mpaka kiwiko kikauma, akasema mikono sasa haijambo ila uso umelala. Kumbe uso nao ni sarufi. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya nyusi bafuni, mama yako amenikuta mara mbili.

Watafuteni watu, msijifungie. Zaidi ya watoto 9 katika 10 walio viziwi wana wazazi wanaosikia, kwa hiyo waliopotea kama mlivyopotea ni wengi. Mwombeni mtaalamu wa masikio awakutanishe nao, awaulizie pia kama yupo mwalimu wa kuja nyumbani. Lakini wazazi peke yao watawafundisha kuhuzunika kwa pamoja. Mtoto awaone viziwi wakubwa, wanaofanya kazi, wenye madeni na ndoa, ajue kuna mtu anayekua kuwa hivyo.

Wa kwanza yupo, na hujamwambia. Amesikia kwa mama yako (nasema amesikia, ulimi una mazoea). Uliogopa ataona unalia kwa sababu mtoto amekuwa kama yeye. Hilo nalo ameshalijua. Mwandikie leo, usisubiri mpaka uwe umeacha kulia.

Wakwe zako wanaosema ni damu ya kwetu, waambie kaka yako alipata uziwi kwa homa ya uti wa mgongo, na homa hairithiwi. Hata ingekuwa damu, mara nyingi ni vinasaba vya pande zote mbili vilivyokutana kwa wazazi wanaosikia vizuri kabisa. Na neno "bubu" lisitamkwe kwenye nyumba yako, hata na mgeni.

Paa la jiko letu limeacha kuvuja. Kaka yako alikuja akapanda juu mwenyewe, mimi nikashika ngazi. Nilikuwa na la kumwambia akiwa kule juu, nikakumbuka hawezi kuniona. Alipokuwa anashuka chai ilikuwa tayari.

Cherehani ya mama yako itakuja na mimi, ameshaifunga kwenye shuka, usimkatalie. Nitafika Jumapili. Lile kochi lenu limeipa dirisha mgongo, anayelikalia uso wake unakuwa kivuli kitupu, na mtoto amelazwa mbele yake siku nzima. Mwambie mumeo aligeuze. Ni kazi ya dakika tano, msiningoje.

Baba yako